Moto Mgongoni mwa Sizya

Moto ulikuwa umeshafika usawa wa kitovu Kalunde alipoletewa uji, na uji ukapoa mezani mpaka ukafanya utando, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kushikia kikombe. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kioo, wa pili kwenye paja la mgonjwa. Alibonyeza paja, mgonjwa akakunja uso. Basi alisikia. Akamwonyesha kwa kidole: inua. Mguu haukuinuka. Jana yake vidole vilikuwa bado vinachezacheza, leo mguu mzima ulilala kama gogo lililosahauliwa porini na mwenyewe.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, na Kalunde alikuwa amechoka kuwaeleza ndugu za watu. Hauli hisia. Unachokula ni amri. Nyama ya mguu inabaki nzima, ngozi inabaki na hisia zake, hata sisimizi akipita mtu anamsikia, ila yule anayeiambia nyama inuka ameshakufa ndani ya mgongo.

Kioo kilining'inia juu ya kitanda, kipana kama sinia ya pilau. Ndani yake ulionekana uti wa mgongo wa mgonjwa. Si mfupa, ni ile kamba laini ipitayo ndani ya mfupa. Wino aliochomwa asubuhi ulikuwa umetembea mwilini ukajipaka kwenye kila chembe iliyoingiwa na kirusi, na kila chembe iliyoingiwa iliwaka rangi ya chungwa bivu. Kiunoni palikuwa na kundi zima linawaka, kama vimulimuli juu ya mpunga. Nyingine zilikuwa zimeanza kuzimika, na hizo ndizo mbaya kuliko zote. Chembe ikizimika haijapona. Imepasuka, na waliokuwa ndani yake wametoka kwenda kugonga mlango wa jirani.

Mgonjwa aliitwa Sizya. Alikuwa mchonga mizinga, mtu wa mabega mapana, kiziwi tangu utotoni. Shule ilimshinda mapema, kwa sababu hapakuwa na mwalimu wa kusema naye kwa mikono, akarudi porini kwa baba yake akajifunza kuchonga. Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyekuwa sikio lake na mdomo wake mbele za watu. Watu wa Mgombelo walizoea hivyo: ukiwa na shida na Sizya unamwambia Nyamizi, na Nyamizi anarusha mikono, na Sizya anarusha ya kwake, kisha Nyamizi anakujibu. Wapo waliofanya naye biashara miaka mingi bila kumtazama usoni.

Kalunde alitoka nje kidogo kupumua. Langoni mwa kituo alikaa Mbula, muuza mihogo ya kukaanga, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, karai la mafuta likichemka pembeni.

"Kalunde," Mbula alimwita, "hivi miguu yangu unaifugia wapi siku hizi? Isije ikawa unaikodisha."

"Naivaa mwenyewe Jumapili."

"Ndiyo maana umenenepa mapaja."

Wateja wakacheka, na Mbula akamfungia vipande viwili kwenye gazeti bila kumdai kitu. Kalunde naye alicheka kwa mdomo. Alipogeuka, mihogo mkononi, kicheko kilikuwa kimeshamwishia. Moto wa Mbula ulikuwa magotini Kalunde alipoweka kinga, ukanda wa chembe zilizouawa makusudi, kiunoni. Moto ulikuja, ukakuta majivu, ukafa. Mbula akapona na miguu yake ikafa yote miwili. Alishukuru, ndugu zake walileta kuku. Lakini moto huu mara nyingi hufa wenyewe njiani bila kuzimwa na mtu. Pengine ule wa Mbula ungeishia gotini, pengine leo angekuwa amesimama kwenye karai lake. Kinga ikishakatwa, hakuna ajuaye moto ungeishia wapi. Hilo ndilo lililomchosha Kalunde kuliko kukesha.

Hapo zamani ugonjwa huu uliitwa polio, na dawa ya kuuzuia ilikuwa matone ya kudondoshewa mtoto ulimini. Matone yaliumaliza ugonjwa duniani. Ulipokwisha, watu wakaona matone hayana kazi, wakaacha kuyatengeneza, kama mtu anayeuza mwavuli wake kiangazi. Kikakua kizazi kizima chenye miili isiyoujua ugonjwa huo hata kwa jina. Kumbe ulikuwa umelala mahali. Ukarudi kwa njia yake ileile ya kale: kinyesi kikaingia majini, maji yakaingia mdomoni. Wengi waliopatwa waliumwa homa ndogo ya kawaida, wakapona bila kujua wamebeba nini, na wakaendelea kuwagawia wenzao. Kwa wachache kirusi kilitoka tumboni kikaingia damuni, damuni kikaipata misuli, na pale msuli unaposhikana na mshipa wa fahamu kikaingia kama mwizi apitaye dirishani, kikapanda na mshipa mpaka mgongoni. Matone yalikuwa yameanza kutengenezwa upya. Watoto walipewa kwanza, watu wazima wakaambiwa wasubiri. Sizya alikuwa mtu mzima.

Wakati wa kusubiri ndipo kinga ilipobuniwa. Daktari Rwegoshora, aliyekuwa akivisimamia vituo vyote vya porini kutoka mjini, alikuwa na jina refu la kitaalamu kwa kazi ile, lakini watu wa Mgombelo walipoelezwa walisema, aa, ni kinga ya moto, na jambo likaishia hapo. Warina asali hawa. Kila mwaka mvua zinapokatika, nyasi zikiwa bado na ubichi, huchoma ukanda kuzunguka mizinga yao, ili moto mkali wa kiangazi ukija ukute hakuna cha kula. Kituo kilifanya vivyo hivyo mgongoni. Punje ndogo zisizoonekana kwa macho, walizoziita majivu, ziliingizwa kwa sindano, zikavutwa na kola ya sumaku iliyozunguka kiwiliwili mpaka mahali palipochaguliwa, na hapo zikaziua chembe zilizo hai, safi, ambazo moto haujazifikia. Kirusi hakiwezi kukaa ndani ya maiti. Kikifika pale kinakosa nyumba.

Kwa hiyo kazi ya Kalunde ilikuwa kuua kilicho kizima ili kiokoke kingine. Alifundishwa miezi michache tu, maana mikono ya kazi ilikuwa haitoshi, na kwenye mafunzo hawakulisema hivyo.

*

Aliporudi ndani, kioo kilikuwa kimebadilika. Kimulimuli kimoja, peke yake, kilikuwa kimewaka juu, usawa wa chuchu.

Alimpigia Daktari Rwegoshora. Sauti ya Daktari ilikuja imechoka kama ya Kalunde. Alitaka kujua kama mgonjwa anapumua kwa kifua au kwa tumbo, kama anaweza kuhesabu kwa pumzi moja. Kalunde akamwambia huyu hahesabu kwa sauti, ni kiziwi. Daktari akasema, haya, mpulizishe mshumaa. Kisha akasema lile ambalo Kalunde alilitarajia. Chembe zinazoamuru mikono ziko chini ya shingo, na za pumzi ziko juu yake tu, zimepakana kama vyumba vya kupanga vyenye ukuta mmoja. Ukitaka kuilinda pumzi kwa hakika, kinga unaikata ndani ya vyumba vya mikono.

"Na nikikata chini, kifuani?" Kalunde aliuliza. "Mikono ibaki?"

"Kioo unakijua, Kalunde. Unachokiona hapo ni moto wa asubuhi. Chembe inaingiwa sasa, inawaka baadaye. Kama cheche imesharuka, kinga ya kifuani utaikata nyuma ya moto."

"Na kama haijaruka?"

"Basi atakuwa na mikono yake." Alikohoa. "Mikono ya kuunda ipo huku mjini, inashika kijiko. Pumzi ya kuunda sina. Mashine zote zina watu."

Kalunde hakumwona Rwegoshora kuwa mtu mbaya. Angekuwa yeye na vituo vyote vile, angesema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba mkono wa kuunda unashika kijiko tu. Haujui kusema.

Akamwita Nyamizi barazani. Alimweleza taratibu, kwa kuchora chini kwa kijiti, wapi pana mikono na wapi pana pumzi. Nyamizi alisikiliza bila kumkatiza, akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kubeba mzigo. Alikuwa ameacha mapacha kwa mama mkwe, na tangu juzi alikuwa hajala kitu cha maana. Kalunde akampa mihogo. Akaishika bila kuila.

"Dada, akikatwa juu anapona?"

"Anapumua. Atakuwa mzima kichwani. Ila mikono haitarudi, Mama Kulwa. Yote miwili."

"Nitamlisha. Nitamwogesha." Alisema kama mtu anayepanga kazi za kesho yake. "Nani atachonga, hilo tutaona."

"Na atasemaje?"

Nyamizi akaiweka mihogo chini. "Mimi namjua Sizya. Kabla hajasema nimeshajua anachotaka kusema."

Wakaingia. Nyamizi akasimama mbele ya mumewe akaanza kurusha mikono. Kalunde hakuijua lugha ile, lakini alikuwa mtu wa kuangalia. Kazi yake yote ilikuwa kuangalia. Aliona mikono ya Nyamizi ikishika shingo, ikishika kifua, ikilala. Sizya akajibu. Akajibu kirefu, viganja vikipasua hewa, akijipiga kifuani, akirudia alama moja mara nyingi, mpaka jasho likamtiririka. Nyamizi akamjibu kwa ufupi, akageuka.

"Amekubali," alisema.

Kwenye kituo kile ndugu ndiye aliyekubali. Ilikuwa desturi na ilikuwa pia sheria ya kioo. Mgonjwa ana homa, anaogopa, atasema lolote. Basi ndugu huweka kiganja kwenye kioo na kioo kikafungua sindano. Wagonjwa wote waliopita mkononi mwa Kalunde walipita hivyo. Ya Mbula ilikubaliwa na kaka yake. Watu wa kule hawakuona ubaya wowote, maana hata mtoto akiozwa, hata mtu akipelekwa hospitali, wanaokaa na kusema ni wenye mtu.

Nyamizi akanyoosha kiganja. Na Kalunde, aliyekuwa akimwangalia Sizya, akaona kwamba Sizya ameificha mikono yake. Ameikunja makwapani, ameibana kwa nguvu zote zilizobaki, kama mtu aliyeingiliwa na wezi akakumbatia kitu chake cha mwisho.

"Subiri kidogo, Mama Kulwa."

"Umesema moto hausubiri."

"Ndiyo. Subiri hivyohivyo."

Akakigeuza kioo. Haikuwa kawaida kumwonyesha mgonjwa mgongo wake mwenyewe, wengine walizimia. Akakishusha mbele ya uso wa Sizya, akamwonyesha kiunoni panapowaka, akamwonyesha kile kimulimuli cha peke yake. Akachora kwa kidole mti, na juu ya mti mizinga miwili, akamgusa mabega, mmoja, wa pili. Juu kabisa akachora mzinga wa tatu, akapuliza pumzi mbele ya pua yake. Chini akachora moto. Mchonga mizinga hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Macho ya Sizya yalitulia, kama ya mtu aliyeingia msitu anaoujua.

Kalunde akapitisha kidole juu, ndani ya mizinga miwili: kinga hapa. Sizya akatikisa kichwa. Akapitisha chini, kifuani. Sizya akatikisa kichwa kwa namna nyingine, ile ya ndiyo. Kalunde akaziba pua yake na mdomo, akafumba macho, akalaza kichwa begani: waweza kufa. Sizya akamtazama jinsi mtu mzima anavyomtazama anayemweleza kwamba jua ni kali. Akatoa mkono mmoja kwapani, akaweka kidole pale chini.

"Hajui anachokifanya," Nyamizi alisema. "Ana homa. Mimi ndiye mkewe. Mimi ndiye nitakayebaki na watoto wawili na shoka lisilo na mtu. Wewe jioni unakwenda kwako."

Ilikuwa kweli yote. Kalunde alikaa kwenye kigoda, miguu ikimuuma. Kwao, kinga ikilazimika kupita penye mzinga wa mtu, mwenye mzinga huitwa, na moto anauwasha yeye. Hata akiwa mgonjwa hubebwa na kitanda chake mpaka porini, akashikishwa kijinga cha moto. Wala si kwa heshima. Ni kwa sababu mtu aliyechomewa mzinga wake na mwingine hasemi naye tena mpaka kaburini, hata kama moto ungeuchoma hata hivyo. Kituo kilichukua jina la kinga kwa watu wake, kikaiacha sheria yake porini, na yeye Kalunde, mtoto wa mrina asali, hakuwahi kulifikiri hilo.

Akauchukua mkono wa Sizya, akakiweka kiganja chake juu ya kioo. Kioo hakikujibu. Hakikutengenezwa kumsikiliza mgonjwa. Kiliwasikiliza ndugu, au, kama mgonjwa hana mtu, mwangalizi mwenyewe, na mwangalizi akiweka chake, lolote litakalotokea ni juu yake.

"Akifa," Nyamizi alisema, "umemuua wewe."

"Ndiyo," Kalunde akajibu.

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Sizya, vidole vyake vikipita katikati ya vya Sizya mpaka vikagusa kioo. Sindano ikafunguka. Akaivuta kola mpaka usawa wa kifua, na hapo akaiacha.

*

Cheche ilikuwa imesharuka.

Ilijionyesha asubuhi, jua likiwa limeshapanda, wakati Kalunde ameanza kujidanganya kwamba wamepona. Chini, kundi zima lilifika kwenye majivu likazimika bila kupata pa kwenda. Juu, ndani ya vyumba vya mikono, upande wa kushoto, chembe moja iliwaka. Kisha nyingine. Mkono wa kushoto wa Sizya ulianza kuuma, akawa anaukanda kwa wa kulia, na kufikia mchana, mkono ule aliokuwa akiukanda ulikuwa haumtii tena.

Kalunde alimpigia Daktari akamweleza yote bila kuficha lolote. Daktari hakumgombeza. Aliuliza majivu yamebaki kiasi gani. Yalibaki ya kukata ukanda mmoja mwembamba, ndani ya chumba cha mkono wa kulia, karibu na ukuta wa pumzi, ili moto wa kushoto usipitie huko. Akasema, uamuzi wako, maana kiganja ni chako, kisha akasema pole, akakata kwa sababu kituo kingine kilikuwa kinamwita.

Kalunde akamwonyesha Sizya tena. Mzinga mmoja umeungua. Tuuchome wa pili? Sizya alikitazama kioo, akamtazama Nyamizi aliyekaa pembeni amempa mgongo, ambaye tangu jana hakumtafsiria mtu neno. Alipumua, na pumzi ilikuwa fupi kuliko ya jana. Alikuwa anaogopa, na Kalunde aliona aibu kumwona mtu akiogopa kwa karibu vile. Kisha Sizya akaurudisha mkono wa kulia kwapani.

Basi wakakaa. Hakuna kazi ngumu kama hiyo, kukaa na sindano iliyojaa. Kalunde alimpulizisha mshumaa. Mwali ukalala, ukainuka. Akampulizisha tena baadaye. Mwali ukayumba tu. Alikiangalia kioo mpaka akawa anaona vimulimuli hata ukutani. Chembe ya mwisho iliyowaka ilikuwa ya mkono wa kushoto, juu kabisa, penye ukuta wenyewe. Akainuka, kidole kikiwa tayari kwenye kola, akasimama hivyo, mgongo ukimuuma, akisubiri ya upande wa pili wa ukuta iwake.

Haikuwaka. Ile iliyowaka ikafifia, ikazimika, na majirani zake wakabaki gizani, wazima. Alimpa mshumaa. Mwali ukayumba. Baada ya kitambo kirefu akampa tena, ukalala.

Hakushangilia. Hakujua kwa nini moto umeishia pale na si ng'ambo. Hakuna aliyeuzima. Alijua tu kwamba angekata juu jana, leo angekuwa anaonyesha vyumba viwili vya majivu na kusema, mmeona, nimemwokoa, na wangeleta kuku.

Homa ilipomshuka Sizya, Nyamizi alileta kigoda akaketi mbele yake. Kalunde alikuwa anakunja waya za kola. Sizya akaanza kusema, kwa mkono mmoja, na ilikuwa taabu kumwangalia. Alama nyingine zilitaka mikono miwili, akawa anautafuta ule wa pili kwenye paja lake, kwenye mto, kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa na hasira. Hilo halikuhitaji mkalimani. Nyamizi akamjibu kwa mikono yake yote miwili, kwa kasi, machozi yakimdondoka juu ya vidole. Sizya naye akamrudishia. Wakagombana hivyo chumba kizima kikiwa kimya, isipokuwa kiganja cha Sizya kikipiga godoro.

Mwisho Nyamizi akachoka, akaudaka mkono wake akaushika kwa nguvu, jinsi ambavyo bila shaka alizoea kufanya nyumbani akitaka kumkatiza. Sizya akaacha. Hakuwa na mwingine. Alibaki anamtazama tu, mdomo wazi kidogo, na Nyamizi akautazama ule mkono ndani ya mikono yake, mgumu, wenye sugu za shoka, kimya kabisa.

Akauachia. Akaiweka mikono yake mwenyewe mapajani, akaikalisha kimya, akangoja Sizya amalize.